Siku kumi na moja nyuma ya dashi: Tokyo mpaka Fukuoka

Mipango, mwezi wa nane

Nawapikia watu harusi na maulidi hapa Unguja, kwa hiyo safari kwangu huanzia jikoni. Mtoto wa kaka yangu, nami humwita mwanangu, yuko Kyoto, Japani, kwa masomo ya shahada ya pili, na kwa miaka miwili hakuchoka kuniambia, "Shangazi, njoo uonje mwenyewe." Nilipokata shauri nikaanza kama kila mtu aanzavyo: sushi hapa, rameni pale, tempura kule. Orodha ikawa ndefu, haina kichwa wala miguu. Mwisho nikampigia simu nikamuuliza swali ambalo mpishi humuuliza mpishi mwenziwe: "Vyakula vyote hivi, maji wanayopikia ni yapi?"

Akanitumia picha ya mfuko wa dagaa.

Dagaa wakavu, wanang'aa kama fedha, vichwa vyao vipo. Chini yake ameandika, "Upande wa Shikoku, supu yao ndiyo hii."

Usiku ule akili yangu ilikuwa Mkokotoni. Pale dagaa huchemshwa kwenye maji ya chumvi, huanikwa juani, hutiwa maguniani, na wanunuzi wengi hutoka Kongo. Sisi wenyewe tunawala, tena tunawapenda, lakini sijawahi kuona mwenye harusi aliyewawekea wageni wake dagaa.

Basi nikaichora safari upya. Wajapani wana supu ya msingi waiitayo dashi, na karibu kila chungu chao huanzia hapo: supu ya miso, tambi, mboga za kuchemsha, hata yai la kukaanga. Si supu ya mifupa inayokaa motoni kutwa. Ni maji yaliyovuta ladha ya kitu kikavu kwa muda mfupi: mwani uitwao kombu, samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa mpaka akawa kama gogo, dagaa, au uyoga wa shiitake. Na kila upande wa nchi una dashi yake. Nikaamua kuifuata hiyo, kutoka mashariki kwenda magharibi bila kurudi nyuma: Tokyo, Kyoto, Osaka, Takamatsu, Hiroshima, Fukuoka.

Mwezi wa kumi, hesabu

Tiketi ya ndege nimekata ya kuingilia Tokyo na kutokea Fukuoka. Pasi ya treni ya siku 7 ilipandishwa bei Oktoba 2023, kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Nilijumlisha nauli za njia yangu moja moja, hazikufika 50,000, nikaiacha. Kama ningelazimika kurudi Tokyo kupanda ndege, hesabu ingegeuka. Maombi ya viza yanataka ratiba ya siku kwa siku, na hapo daftari langu lilikuwa limeshamaliza kazi.

Lililonipa shida ni halali. Nguruwe ni rahisi kumuulizia. Mgumu ni mirin, pombe tamu ya mchele ya kupikia, ambayo huingia kwenye supu nyingi za tambi bila mlaji kuiona. Mwanangu ameniandikia kadi ya Kijapani yenye maswali matatu: nguruwe, mirin, na sake, pombe yao ya mchele. Tumekubaliana kuuliza kabla ya kukaa, na pasipo na jibu la kueleweka tunashukuru na kuondoka.

Siku ya 1, Jumatano. Tokyo

Nimefika jioni, miguu imevimba. Mwanangu amenipokea uwanjani Narita.

Saa yangu ya mkononi sikuigeuza, na nimegundua jambo lililonifurahisha. Japani iko mbele yetu kwa saa sita kamili. Saa za ukutani hapa zilikuwa zinaonyesha moja kamili usiku kwa hesabu yetu, yaani mshale wao uko kwenye 7, na saa yangu ya Unguja mshale uko kwenye 1. Sihitaji kugeuza chochote. Saa iliyobaki na majira ya nyumbani inanisomea Kiswahili sawasawa nikiwa Japani.

Siku ya 2, Alhamisi. Toyosu na Nihonbashi

Tumetoka kabla ya alfajiri kwenda soko la samaki la Toyosu. Zamani soko hili lilikuwa Tsukiji. Sehemu ya mnada ilihamia hapa Oktoba 2018, Tsukiji yakabaki maduka ya nje. Kuna roshani ya karibu ambayo watu huipata kwa bahati nasibu ya mapema. Sisi hatukubahatika, tukatazama kutoka juu nyuma ya vioo, jambo ambalo halihitaji kuomba.

Mnada wa jodari ulianza kama saa kumi na moja na nusu. Samaki wamelazwa sakafuni kwa safu, mikia imekatwa ili mnunuzi aione nyama. Wanainama na tochi, wanachokonoa kinyama kidogo kwa ndoano, wanakisugua kwa vidole kupima mafuta. Kisha kengele, dalali anaimba bei, wanunuzi wanajibu kwa vidole tu. Mimi nimezoea mnada wa kwetu, ambapo asiyepiga kelele hapati samaki. Hapa Januari 2019 jodari mmoja wa kilo 278 aliuzwa kwa yeni milioni 333.6, mnada wa kwanza wa mwaka, na nasadiki hata siku ile mnunuzi aliinua vidole tu.

Lakini jodari sikumfuata. Mchana tulikwenda Nihonbashi kwenye duka la Ninben, ambalo limekuwa likiuza katsuobushi tangu mwaka 1699. Huyu ndiye samaki gogo. Huchemshwa, hutolewa miiba, hufukizwa moshi mara nyingi, na walio bora huoteshwa ukungu maalumu na kuanikwa, tena na tena, kwa miezi. Ukigonganisha vipande viwili vinalia kama vijiti vya ngoma. Huparuzwa kwa randa, kama seremala anavyoparuza ubao, na maranda yake ndiyo yanayotiwa majini.

Dukani wanauza dashi kwa kikombe, kama sisi tunavyouza kahawa. Nilikunywa tupu kwanza. Moshi, kisha bahari, kisha kitu kilichokaa nyuma ya ulimi hakitaki kuondoka. Kitu hicho kina historia. Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda, hapa Tokyo, alikitoa kwenye kombu akakuta ni glutameti, akaipa ladha ile jina la umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Shintaro Kodama akakuta kitu kingine, inosineti, ndani ya katsuobushi. Wapishi walikuwa wakivichanganya viwili hivi kwa karne nyingi kabla ya maabara, na ladha yake pamoja ni kubwa kuliko ukivijumlisha. Nilikunywa kikombe cha pili chenye mchanganyiko. Ni kweli.

Siku ya 3, Ijumaa. Tokyo

Sala ya Ijumaa kwenye msikiti wa Tokyo Camii, karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara. Msikiti wa mwanzo ulijengwa 1938, huu wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, una kuba na nakshi za Kituruki. Jioni Kappabashi, mtaa wa vyombo vya jikoni. Nimenunua randa ya katsuobushi na kisu kimoja. Nilijizuia, Mungu anajua.

Siku ya 4, Jumamosi. Kyoto

Treni ya kasi, saa mbili na robo hivi. Tumekula bento njiani: wali, samaki wa kuoka kwa chumvi, mboga za siki.

Usiku mwanangu amenipikia chumbani kwake, jiko la sahani moja. Ametia kipande cha kombu cha Rishiri majini tangu asubuhi, akakipasha moto taratibu, na maji yalipotaka kuchemka akakitoa. "Kikichemka kinatoa utelezi, Shangazi, na harufu ya pwani wakati wa maji kupwa." Akaweka tofu tu ndani yake, lile donge laini la maziwa ya soya, tukala kwa shoyu, mchuzi wa soya, na vitunguu vya majani. Nimepikia maharusi mia kadhaa, na bado ile tofu ilininyamazisha.

Kombu haioti Kyoto. Inatoka Hokkaido, kaskazini kabisa. Zama za Edo, karne ya 17 hadi ya 19, majahazi yaitwayo kitamaebune yaliileta kwa kupitia bahari ya magharibi mpaka Osaka, yakirudi na chumvi, sukari, mchele na nguo. Nilipomsikia akieleza nikaona majahazi ya kaskazi yakishusha tende na papa mkavu Unguja, yakirudi na boriti. Na kwetu mwani upo! Akina mama wa Paje na Jambiani wanaupanda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni wa aina nyingine, mwembamba na mwekundu, unasafirishwa nje kutengenezewa vitu vya kugandisha, na jikoni kwetu hauingii.

Kisha akaniambia kuhusu maji. Maji ya Kyoto ni laini, hayana chokaa nyingi, ndiyo maana kombu hufunguka vizuri. Tokyo maji yana ugumu zaidi kidogo, na inaelezwa kuwa ndiyo sababu moja ya wao kuegemea samaki. Nikawaza birika langu. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, huacha ukoko mweupe usiotoka. Nimeandika kwenye daftari: *maji*. Nimepiga mistari miwili chini yake.

Siku ya 5, Jumapili. Kyoto

Soko la Nishiki, kichochoro kimoja cha kama mita 390 chenye maduka zaidi ya mia. Watu ni wengi kupita kiasi, Novemba ni msimu wa majani mekundu. Mwenye kuja kununua awahi asubuhi.

Kilichonigusa ni sushi ya samaki aitwaye saba, ndugu wa kibua wetu. Kyoto iko mbali na bahari. Samaki alivuliwa ghuba ya Wakasa, akatiwa chumvi, akabebwa mgongoni kupita milimani, na mpaka afike mjini chumvi imeshamkolea kiasi cha kutosha. Njia ile mpaka leo inaitwa Njia ya Saba. Samaki hukandamizwa juu ya wali wa siki na kufunikwa kombu nyembamba. Nilikula vipande vitatu nikimfikiria marehemu bibi yangu, aliyekuwa akisema ng'onda ni samaki aliyesafiri.

Siku ya 6, Jumatatu. Osaka

Nusu saa kwa treni. Mji huu zama za Edo uliitwa jiko la nchi nzima, kwa sababu mchele na bidhaa za kila upande zilikusanywa hapa, kombu ikiwamo.

Dotonbori ni taa na makelele, nikajisikia nyumbani Forodhani. Tulikwenda kutafuta takoyaki, vidonge vya unga vyenye pweza ndani, vilivyoanza hapa Osaka mwaka 1935. Siri yake sikuijua mpaka nilipomwona mpishi akimimina: unga wake unakorogwa kwa dashi, mwepesi kama maji. Ndiyo maana ndani unabaki laini kama uji na una ladha hata bila sosi, na sisi tulikula bila sosi. Pweza wengi wanaoingizwa Japani kutoka nje hutoka Mauritania na Morocco. Amevuka dunia nzima kuja kuingia kwenye kidonge cha unga, na aliyemvua pengine hajui.

Siku ya 7, Jumanne. Takamatsu

Ndiyo siku niliyoijia.

Treni ya kasi mpaka Okayama, halafu treni ndogo ivukayo bahari kwa daraja la Seto, lililofunguliwa 1988. Chini unaona visiwa vimetawanyika, mashua, na maji yaliyotulia. Nimekaa upande wa dirisha, sikusema neno mpaka tumefika ng'ambo.

Hapa ni jimbo la Kagawa, kwenye kisiwa cha Shikoku, na Kagawa ni udon, tambi nene nyeupe za ngano. Mvua huku ni chache, kwa hiyo mchele una tabu na ngano inastahimili. Chumvi ilitoka bahari hii hii. Shoyu inatoka kisiwa jirani cha Shodoshima, ambako bado wapo wanaoichachusha kwenye mapipa makubwa ya mbao. Na supu ni dagaa, wanaowaita iriko. Vyote vinne vimezunguka mahali pamoja. Mtu asiyekuwa na mchele mwingi alitazama alichonacho, akakipika vizuri mpaka watu wanapanda treni kukifuata.

Iriko wanaosifiwa kuliko wote wanatoka Ibukijima, kisiwa kidogo upande wa magharibi wa jimbo. Uvuvi wake ni wa kiangazi, kwa hiyo Novemba hatukuwa na cha kuona kule, tukaenda duka la vitu vikavu mjini. Nilisimama mlangoni. Harufu ni ya Mkokotoni tupu! Machozi yalinilenga.

Dagaa wamepangwa kwa ukubwa na kila ukubwa una jina: chirimen ni wadogo kabisa, kisha kaeri, koba, chuba, na oba ndio wakubwa. Kila mmoja na kazi yake na bei yake. Mwenye duka ni bibi mtu mzima. Mwanangu alimweleza kwamba shangazi yake anatoka kisiwa ambako dagaa huchemshwa na kuanikwa. Bibi akaniangalia, akachukua dagaa mmoja akauvunja mgongo wake mbele yangu. Aliyekauka vizuri hukatika kwa mlio, hapindi. Akanionyesha tumbo: likiwa limepasuka, samaki alichelewa kufika jikoni baada ya kuvuliwa. Kule Ibuki majiko yako ufukweni, mashua za haraka huleta samaki, na huchemshwa ndani ya muda mfupi sana.

Akanifundisha. Ng'oa kichwa na utumbo, ndimo uchungu ulimo. Loweka kwenye maji baridi usiku kucha. Asubuhi moto mdogo, toa povu, dakika kama kumi, usiache yachemke kwa nguvu, chuja. Nilimuuliza chumvi yao huwa kiasi gani wakati wa kuchemsha. Akanipa mmoja nitafune. Chumvi ipo kwa mbali tu.

Dagaa wetu huzikwa kwenye chumvi kwa sababu safari ya Kongo ni ndefu. Sio kosa la mtu. Lakini chumvi ile imetuficha ladha yao.

Siku ya 8, Jumatano. Takamatsu

Maduka ya udon hufungua mapema na mengi hufunga mchana, tambi zikiisha basi. Tumekwenda matatu.

La kwanza, kadi yetu ilijibiwa kwamba supu ina mirin, nikala tambi kavu kwa shoyu na tangawizi. Zilitosha kabisa: zinavutika, zinakurudishia meno. Unga, maji na chumvi, na donge lake hukandwa kwa miguu juu ya mfuko safi. La pili halikuwa na jibu, tukatoka. La tatu, mwenyewe alitoka jikoni akasoma kadi mara mbili, akaenda, akarudi, akasema supu yake ni iriko, kombu, chumvi na shoyu, haina zaidi. Unachukua bakuli lenye tambi, unazitosa mwenyewe kwenye maji ya moto, unafungua bomba la supu.

Nilikunywa kwa kuinua bakuli, kama wenyeji. Harufu ya moshi haipo hapa kama ya Tokyo, wala ule utulivu wa Kyoto. Hii inasema samaki wazi wazi, kisha inakuwa tamu. Nilimaliza mpaka tone la mwisho, na yule bwana aliyekuwa akinitazama kutoka jikoni akainama kidogo. Nami nikainama.

Siku ya 9, Alhamisi. Hiroshima

Asubuhi Bustani ya Amani. Bomu liliangushwa tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi. Nilisoma Fatiha, nikakaa.

Mji huu unajulikana kwa okonomiyaki: chapati nyembamba, juu yake lundo la kabichi, tambi, yai. Kabla ya vita ilikuwa kitafunio cha watoto. Baada ya vita, mchele haba na unga wa ngano ukiletwa kutoka Marekani, ikawa mlo wa kushibisha watu wazima. Maduka mengi ya zamani yana majina yanayoishia na -chan, namna ya kumwita mtu kwa mapenzi, na wenyeji husimulia kuwa yalikuwa ya kina mama waliobaki peke yao. Kwa kawaida hutiwa nguruwe na bamba la kukaangia ni moja kwa wote, kwa hiyo tulizunguka sana mpaka tukapata pasipotumia nguruwe kabisa. Yetu ilikuwa ya chaza. Zaidi ya nusu ya chaza wanaofugwa Japani wanatoka huku, na msimu wao ndio umeanza. Wanene, watamu.

Siku ya 10, Ijumaa. Fukuoka

Saa moja na kidogo kwa treni. Sala ya Ijumaa msikiti wa Fukuoka karibu na stesheni ya Hakozaki, ulifunguliwa 2009. Ijumaa ya Tokyo na Ijumaa ya Fukuoka, nikahisi safari imefungwa kama ukili.

Rameni ya hapa ni ya mifupa ya nguruwe, nikaipita. Lakini Fukuoka ina udon yake, na ni kinyume cha Takamatsu: tambi laini zinazokatika kwa ulimi, juu yake mizizi ya gobo iliyokaangwa. Kwenye hekalu la Joten-ji kuna jiwe linalosema udon na soba zilianzia hapo, zikiletwa na mtawa aliyerudi kutoka China mwaka 1241. Dashi ya upande huu mara nyingi hutiwa ago, samaki yule arukaye juu ya maji. Tumeinunua kavu, tukaipika chumbani kwenye birika. Safi, nyepesi, ina utamu wa mwisho unaokuja umeshameza.

Usiku tumetembea kando ya mto Naka, mtaa wa Nakasu, kuangalia vibanda vya chakula, taa zao majini. Kesho mwanangu anarudi Kyoto, mimi uwanja wa ndege.

Siku ya 11, Jumamosi

Kisu kwenye sanduku la chini. Iriko kilo mbili.

Unguja, siku ya nne tangu nirudi

Chungu cha kwanza nilipika juzi: dagaa wa Mkokotoni, maji ya bomba. Kibaya. Chumvi tupu, na juu maji yamefanya utando.

Jana mvua ya vuli ilinyesha usiku mzima. Nilikinga ndoo chini ya bati baada ya maji ya mwanzo kuliosha. Nikang'oa vichwa na matumbo, nikawaosha dagaa mara tatu, nikawaloweka, na asubuhi moto wa mkaa kidogo. Nikachuja kwa kitambaa. Rangi ya chai nyepesi. Nilimpelekea jirani yangu kikombe bila kumwambia ni nini. Akanywa, akanyamaza, akanywa tena. "Samaki gani huyu? Changu?"

Mchana nilikuwa Mkokotoni, kwa mama ninayenunua kwake siku zote. Nimemwomba achemshe ndoo tatu kwa chumvi ya kiganja kimoja tu, mashua ikifika tu, na awaanike juu ya wavu, sio chini. Alishangaa. Wataharibika haraka, akaniambia, hawatafika Kongo hawa.

"Hawaendi Kongo," nikamwambia. "Nina harusi Ijumaa ijayo, watu mia tatu."